Kope Hatupwi Mgombani

Mutalemwa,

Salamu sikupi. Utazipata kesho alfajiri kama utakuwa umezistahili. Sasa hivi wewe umekwenda kuaga kwa katekista kabla ya safari yako ya kesho, baba yako yuko shambani, na shangazi yako Koku amelala sebuleni anakoroma kama fuso lililobeba kahawa. Mimi nimekaa jikoni na kalamu yako. Naandika kwa sababu nikisema nitapiga kelele, nikipiga kelele shangazi yako ataamka, na akiamka leo nitampiga na mwiko.

"Mama, huyu Kope nitamwachia tu pale mgombani. Atajitafutia."

Hivyo ndivyo ulivyosema mchana, mdomo umejaa ndizi za ebitoke nilizomenya mimi, macho yako kwenye sahani. Atajitafutia! Kama vile Kope ni kijana wa mtaani anakwenda kutafuta kibarua cha kubeba tofali.

Basi nitakuandikia kama mtu asiyemjua Kope, maana anayemjua asingetamka vile. Kope ni mjusi. Analala kwenye kiganja changu akabakiza nafasi. Ana rangi ya jani kavu la mgomba, na juu ya macho ana vingozi vimesimama mstari hadi shingoni, kama kope za kubandika za wale wasichana wa saluni Bukoba. Si ndugu wa hawa mijusi wa ukutani kwetu. Alikuja na yule mtaalamu wa migomba, mzungu mrefu aliyepanga nyumba Maruku, wewe ukawa unamfasiria Kihaya cha wazee. Siku anaondoka alikukabidhi sanduku la kioo kwa mikono miwili, akakuuliza, "Utamtunza?" Ukajibu, "Nitamtunza." Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea mkungu wa kumuaga. Nilisikia kwa masikio haya haya ambayo yamesikia uongo wa Kampala, wa Kigali na wa Nairobi, nikasema moyoni, mwanangu huyu hadanganyi. Mimi niliyeishia darasa la sita lakini nabishana bei kwa lugha nne, sijawahi kukosea kumjua mtu kwa kumtazama mdomo. Leo unataka nianze kwako?

Na najua nani kakutia maneno. Usifikiri sikuona.

Juzi shangazi yako alipofika, hata mzigo hajautua, akakuta Kope ameamka amejibandika kwenye kioo, naye Kope akatoa ulimi akajifuta jicho.

"Mae we! Kanilamba jicho!"

"Kalamba la kwake, wifi. La kwako unalo bado."

"Kiumbe gani kinajilamba jicho?"

"Kisichokuwa na kifuniko cha jicho. Vumbi likiingia alitoe na nini, na leso yako?"

Nikacheka, na baba yako akacheka, na baba yako hucheka kama mvua ya kiangazi. Lakini shangazi yako akakugeukia wewe. "Mwalimu mzima, unashuka kwenye boti kisiwani Goziba na mjusi mkononi! Wavuvi watasema umekuja na dawa. Dagaa wakikosekana, watakuja kugonga mlango wa nani? Na msichana wa watu atakubali kulala nyumba moja na hiki?"

Na wewe ukacheka. Nikadhani unacheka kama mimi. Kumbe ulikuwa unacheka kama mtu aliyekwisha kukubali.

Mutalemwa, mimi na midomo ya watu tunajuana. Wewe ulikuwa unatambaa. Nilikuwa na meza yangu sokoni Bukoba, suruali za kiume za mitumba, na nilikuwa nazifuata Kampala mwenyewe, navuka mpaka wa Mutukula natoka na marobota ambayo wanaume wawili hawanyanyui. Nilikuwa hodari, usibishe, muulize baba yako. Wakaanza: mke wa nani yule anayelala Kampala? Suruali za kiume anazijulia wapi vipimo? Baba yako hakunikataza hata siku moja. Niliyekubali ni mimi. Nilikaa nyumbani nikilima maharage na kununa, na niliporudi meza yangu ilikuwa na mtu mwingine, anauza viatu. Na unajua wale waliokuwa wanasema? Walikuwa wamesahau kabisa. Mmoja aliniuliza, "Mama Mutalemwa, mbona ulipotea?" Nilitaka kumng'ata.

Kwa hiyo usinifundishe habari ya watu watasema. Watasema, kisha watakwenda kula.

Sasa turudi kwenye huo mgomba wako. Kope hajawahi kuona paka. Hajawahi kumkimbia kuku, na kuku wa baba yako wanakula hata misumari. Maji yake ni matone unayompulizia kwenye majani. Chakula chake kinakuja na kijiko. Ukimweka mgombani kesho alfajiri, hondohondo watakuwa wameshamgawana kabla boti lako halijaacha mwalo. Na hata angepona, huyu si wa huku, na shamba letu halikumwomba. Kitu cha kufuga cha nchi nyingine hakimwagwi porini ovyo. Yule mtaalamu alikwambia hilo, nami nikiwa nimesimama pale na mkungu wangu kichwani.

Halafu usiniambie mjusi ni kazi. Kazi nimeifanya mimi. Miaka yako yote ya chuo ulikuwa unamkuta likizo amenenepa, unasema, "Kope mzima?" kama mkaguzi wa shule. Unajua alivyonenepa? Nilijifunza kwa kukosea, na makosa yangu yalikuwa ya Kihaya tupu.

Siku ya kwanza uliyoniachia, nilimpokea kama mgeni. Nifanyeje? Mtu katoka ng'ambo. Nilikwenda kukata nyasi nzuri, nikazikausha, nikamtandikia sakafu ya sanduku lake kama ninavyotandika sebule wageni wanapokuja. Nikamwekea akamwani, buni mbili nilizochemsha mwenyewe, atafune tukizungumza. Mjusi! Baba yako akaingia akasimama mlangoni.

"Na pombe ya rubisi utampa saa ngapi?"

"Akizoea."

Kumbe kahawa ni sumu kwake. Bahati yake hakuigusa. Na nyasi zangu, kwa kuwa asubuhi na jioni nilikuwa napulizia maji kama ulivyoagiza, zilivunda chini kwa chini zikaota ukungu mweupe, sanduku likanuka kama pipa la pombe iliyoharibika. Nilizitoa zote huku natukana. Tangu hapo natandika tishu au gazeti, natupa linapochafuka. Jioni napulizia mpaka majani yanadondosha, asubuhi kidogo tu, mchana naacha pakauke. Chupa ya kupulizia iwe mpya. Usiokote chupa iliyowahi kushika dawa ya mibuni ya kahawa ukasema umeisuuza. Dawa haisuuziki.

Kosa la pili ndilo lililoniuma, na mpaka leo likinijia nakasirika na ukoo wangu wote. Ule unga wake wa matunda, unaokorogwa na maji, uliisha. Ulikuwa umeniambia, unga ukiisha nipigie nitaagiza. Mimi nikasema, nipige simu ya nini? Nina kibanja! Nina ndizi za kupika, za kuchoma, za pombe, na hizi ndogo tamu ambazo watu wa Dar wanazinunua kama dhahabu. Mjusi anayekula matunda amekuja kwa Wahaya, halafu afe njaa? Nikamponda ndizi mbivu kila siku. Alikuwa anailamba mpaka angefumba macho, kama angekuwa na cha kufumbia. Nikajisifu kwa majirani wote wa Rubya: mjusi wangu Mhaya.

Kisha siku moja namtazama anapanda tawi, miguu inatetemeka. Anashika, anateleza, anashika. Taya lake la chini likawa kama limelegea. Nikakupigia, nawe ukanipigia kelele, mtoto uliyenyonya ziwa hili ukanipigia kelele, na ulikuwa na haki. Ndizi peke yake haimjengi mifupa. Mimi, binti wa Rubya, niambiwe na mjusi kwamba ndizi haitoshi! Nilikaa kwenye kigoda nikajiona nimetukanwa mimi na bibi zangu wote waliozikwa chini ya migomba.

Lakini nilinyanyuka. Unga ulipofika nikarudisha huo kama chakula chake hasa, ndizi na papai zikawa za kuonja tu. Wadudu nikawapaka ile kalsiamu yake nyeupe kabla ya kumpa. Pole pole miguu ikatulia. Taya likabaki limepinda kidogo upande wa kushoto, umeliona. Hilo ni la ndizi zangu. Unga ukibaki robo ya kopo, agiza. Usingoje uone chini. Kisiwani hakuna basi la kukuletea.

Na wadudu usimpe mkubwa. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo katikati ya macho yake. Hili nalo nilijifunza kwa senene. Msimu ulipoingia nilimkaangia kwanza, kwa chumvi na kitunguu. Usicheke. Hakuwatazama. Nikampa wazima, wakubwa, nikawaacha humo mpaka asubuhi, nikakuta wamemtafuna yeye kidole. Sasa nampa mdogo, nimemng'oa miguu ya nyuma, na asiyeliwa namtoa. Huko Goziba mtakuwa na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu kama moshi. Nadhani atawapenda. Lakini chota mbali na nyumba zinazopuliziwa dawa ya mbu.

Mkia wake unajua nani aliuchukua. Sitaeleza tena, ulinuna wiki nzima na nilistahili. Nakukumbusha kitu kimoja tu: niliogopa. Aliruka kutoka mkononi, nikaona anakwenda kwenye sufuria linalochemka, nikamdaka nilipoweza kumdaka. Nikabaki na mkia unacheza kwenye vidole vyangu, yeye yuko ukutani ananitazama. Wa hawa wetu wa ukutani unaota tena. Wa kwake ukiondoka umeondoka. Usimdake kutoka juu, hata ukiogopa. Weka kiganja mbele yake, atembee mwenyewe, kisha weka kingine mbele ya hicho. Nawa kwa sabuni kabla na baada. Hasira yangu na wewe leo ni hiyo hiyo, nakuona unakwenda kwenye sufuria na mikono inaniwasha kudaka.

Maana nakijua kisiwa, Mutalemwa. Wewe unakijua kwenye barua ya kupangiwa kazi. Mimi nimeuza mashati kwenye kambi za wavuvi huko, nimelala kwenye vibanda vya mabati, nimedaiana na wanaume wenye visu vya kupasulia sangara. Watu wazuri sana, wakarimu, wanacheka kuliko ninyi wasomi. Lakini wengi wamekuja peke yao na wataondoka peke yao, na jua likizama hakuna anayewangoja popote, basi wanakwenda palipo na muziki. Kulikuwa na mwalimu, sitamtaja, mtoto wa watu kutoka huku huku kwetu. Alinunua kwangu shati la bluu la kuanzia kazi. Nilivyorudi safari nyingine alikuwa amelivaa shati hilo hilo saa nne asubuhi, kwenye benchi la pombe, na watoto wa shule wanapita mbele yake wanamwamkia. "Shikamoo, mwalimu." Anaitikia vizuri kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hana sababu ya kurudi chumbani.

Kope anaamka giza likiingia. Mchana kutwa ni jani kavu, humwoni. Wewe ukimaliza kusahihisha madaftari, jioni inapoanza kukuwasha, ndipo naye anafungua siku yake, anashuka kwenye tawi, anangoja matone. Hataniambia kama umechelewa. Lakini atakuwa na kiu.

Basi nimesema. Sikutaka kulisema hilo, limetoka.

Usiniambie, "Mama, basi baki naye wewe." Nitabaki naye kuliko kumwona kwenye mdomo wa kuku, hilo unalijua na ndiyo maana unanichezea. Lakini hakunikabidhi mimi yule mzungu. Na wanaishi muda mrefu hawa, miaka kumi na tano na zaidi wakitunzwa. Atakuona una mvi. Mimi sijui kama nitaziona.

Joto ndilo adui utakayepigana naye huko. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani kitu cha ng'ambo kinataka jiko, nikasogeza la mkaa karibu na sanduku. Akafungua mdomo akawa anahema kama mbwa. Hataki. Anapenda ubaridi wetu huu huu wa Rubya baada ya mvua. Kile kipimajoto chako kikikaribia ishirini na nane, mhamishe. Kwa hiyo ukifika usikubali chumba cha bati tupu bila dari. Sema wewe ni mwalimu, sema una kifua, sema mama yako ni mkorofi, lakini upate chumba chenye dari au chenye mti juu. Sanduku lisikae dirishani panapopiga jua. Siku za joto kali ning'iniza kitambaa kibichi upande wa upepo.

Ulisema sanduku la kioo ni kubwa, boti haliwezi. Hicho ndicho kisingizio pekee ulichotoa chenye akili, kwa hiyo nikakifanyia kazi. Jumatatu, kabla hujaropoka hili la leo, nilikwenda kwa fundi nikamwambia anitengenezee kijumba cha mbao nyepesi, kirefu kuliko upana, wavu mbele na pembeni, komeo la shaba. Akaniuliza, "Cha njiwa?" Nikamwambia, "Cha mwalimu." Hakijapakwa rangi, maana rangi ingemlevya. Ndani nimefunga matawi mawili ya mbuni wa baba yako, ule wa nyuma usiopigwa dawa. Lakini hicho ni cha kukaa akifika. Safari atasafiri kwenye kopo dogo lililotobolewa, tishu mbichi chini, kopo ndani ya kikapu, kikapu kwenye kivuli cha magoti yako. Usimlishe asubuhi. Mkifika mwache wiki mbili usimshikeshike, umpe maji na chakula na umwache azoee. Usishangae asipokula siku za kwanza. Hata wewe hutakula.

Wavuvi wakikuuliza, usimfiche. Kinachofichwa ndicho kinachoitwa dawa. Mweke mezani darasani siku moja, watoto wamwone anavyojilamba jicho, watakwenda kusimulia nyumbani, na baada ya hapo watakuletea wadudu mpaka uwafukuze.

Na shangazi yako usimchukie. Aliogopa naye, kwa namna yake. Kesho atalia kuliko mimi, utaona, atashika nguzo ya mlango.

Limebaki moja na ni la haki yangu. Unajua desturi: mwanamke akikamata senene wa kwanza wa msimu anampa mumewe, na mume anamvika kitenge. Misimu yote uliyokuwa chuoni, senene wangu wa kwanza aliliwa na Kope. Baba yako alipata wa pili. Nilipomuuliza kitenge changu alinitazama kwa utulivu wake ule wa kuudhi, akasema, "Kamwambie aliyemla akuvishe." Nami nikamwambia Kope, akajilamba jicho.

Mjusi hana duka, Mutalemwa. Ana mwenyewe. Aliyekula senene wangu ni wako, kwa hiyo kunivika ni juu yako.

Kitenge sikitaki. Ninavyo vya Kampala sijavivaa bado. Kijumba nimekiweka nyuma ya mlango wa jikoni, kando ya kigoda changu, na kikapu kiko juu ya kijumba. Kesho nitakuwa uani nachochea moto wa chai yako, na sitageuka, nakuapia, hata nikisikia umefungua mlango. Nitageuka boda ikishawaka. Nikikuta kigoda kimesimama peke yake, hapo ndipo nitakuwa nimevaa.

Mama yako,
mwenye hasira mpaka boti liondoke.